Taa ya njano haijawahi kusema kimbia

Haya ni maongezi niliyofanya na madereva, wengine wana leseni ya miezi miwili na wengine wanaendesha toka mimi sijazaliwa. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Shikamooni wazee wangu, habari zenu kaka na dada. Nyie mliosimama huko mlangoni sogeeni kidogo tusikizane, sina sauti kubwa.

Ntaanza na swali na naomba mnijibu kwa ukweli maana hapa hamna trafiki. Uko kwenye gari, spidi ya kawaida tu, mbele kuna taa iko kijani, unaikaribia, mara inageuka njano. Mguu wako wa kulia unaenda wapi? Wanaokanyaga breki wanyooshe mikono. Haya, asanteni. Wanaokanyaga mafuta? Naona mikono mingi, na naona wengine wanaangaliana kwanza kabla ya kunyoosha, nawashukuru kwa kusema kweli, maana hata mimi kwa miaka mingi mguu wangu ulikuwa unaenda kwenye mafuta na wala hamna mtu aliyenifundisha hivyo, nilijifunza kwa kuwaangalia waliokuwa mbele yangu, na walionifuata nyuma wakajifunza kwangu.

Sasa mi leo nimekuja hasa kwa ajili ya hiyo njano. Nyekundu kila mtu anaijua, kijani kila mtu anaipenda, njano ndo hatujaelewana nayo. Na ukiielewa vizuri, yaani ukajua kwa nini ipo na muda wake umepangwaje, haya mengine yote ya vibao, mistari, indiketa, kipilefti, yanaingia kichwani bila shida, kwa sababu yote yana kazi moja. Yanamwambia mtu usiyemjua, ambaye hamtaongea hata siku moja, kwamba sekunde mbili tatu zijazo wewe utafanya nini.

Turudi nyuma kidogo. Taa ya kwanza kabisa ya kuongoza barabara iliwekwa London, nje ya Bunge, Desemba 1868. Magari hayakuwepo, walikuwepo farasi na mikokoteni na watu wanavuka kwa kuombea. Aliyeibuni ni injinia wa reli, J. P. Knight, akachukua mambo ya treni akayaleta barabarani, mchana mikono inanyanyuka na kushuka, usiku taa ya gesi nyekundu na kijani, na polisi kasimama chini yake anaiendesha kwa mkono. Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 1869, gesi ikalipuka ikamuumiza yule polisi na huo ndo ukawa mwisho wake. Taa za umeme zinakumbukwa zaidi zile za Cleveland kule Marekani, tarehe 5 Agosti 1914, na zilikuwa na rangi mbili tu. Nyekundu na kijani, basi.

Hebu jiweke wewe pale. Uko kwenye kijani, unakwenda zako, ghafla mbele ya pua ni nyekundu. Ufanyeje? Ukifunga breki wa nyuma anakuja mgongoni, ukipita unakutana na wa upande wa pili ambaye ndo kwanza kapewa kijani yake. Walilijua hilo, ndo maana pale Cleveland kulikuwa na kengele inayolia kabla taa haijabadilika. Alafu 1920 huko Detroit polisi mmoja, William Potts, akaunda taa ya rangi tatu inayoangalia pande nne, na hiyo rangi iliyoongezeka ndo njano. Kwa hiyo kazi ya njano ni ile ile ya kengele. Kengele ikilia unajua muda wako umekwisha, hukimbilii ndani.

Sasa tuje kwenye hesabu, na naomba msichoke maana hapa ndo penye utamu wenyewe. Ukiwa kwenye spidi 50, kila sekunde moja gari inakula karibu mita 14. Njano inapowaka, jicho lione, kichwa kiamue, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki, sekunde moja imeshaenda hapo, na mita zako 14 zimeenda na bado hujagusa breki. Ukianza kufunga breki ya kistaarabu, ile ambayo abiria hasogei kwenye kiti, unahitaji mita kama 27 au 28 nyingine. Jumla mita 41, 42. Sasa chukua njano ya sekunde 3, ambayo ndo muda waliouweka Ujerumani kwenye barabara za spidi 50 (za 60 wameweka sekunde 4, za 70 sekunde 5). Sekunde 3 kwa spidi 50 gari inatembea mita ngapi? 42.

Mmeona? Namba ni ile ile, na haikutokea tu kwa bahati. Ukiwa mbali na mstari kuzidi mita 42, nafasi ya kusimama taratibu unayo. Ukiwa karibu kuliko hapo, unavuka mstari kwa spidi ile ile uliyokuwa nayo na njano bado inawaka. Simama au endelea, mambo mawili. Kwenye hesabu hiyo hawajaweka mahali popote mtu wa kuongeza mafuta, hayupo, hawakumpigia hesabu kabisa. Mtu anayekanyaga mafuta akiona njano ni yule aliyekuwa na nafasi ya kusimama akaikataa.

Alafu sikilizeni hii, wengi hawaijui. Chukua taa ile ile ya sekunde 3, barabara ya 50, ila wewe unakuja na 80. Sasa unakula mita 22 kila sekunde. Ili usimame vizuri unahitaji karibu mita 92, lakini hizo sekunde 3 za njano zinakuvusha mita 67 tu. Ina maana njano ikiwaka ukiwa kati ya mita 67 na 92, kusimama vizuri huwezi, kuvuka kabla ya nyekundu huwezi. Hapo huna jibu sahihi tena, hata uwe dereva wa namna gani. Utafunga breki za kulia tairi au utapita kwenye nyekundu. Watu wanasema "taa ile ni mbovu, njano yake fupi", kumbe taa haina tatizo lolote, iliandaliwa kwa mtu wa 50 na wewe umekuja na 80. Kile kibao cha spidi unachokipita kabla ya taa na ile taa yenyewe ni kitu kimoja, vinategemeana, ukivunja kimoja umevunja na kingine.

Na kuna kitu kingine kimejificha humo. Sehemu nyingi njano yako ikiisha ukapata nyekundu, mwenzako wa upande mwingine hapewi kijani hapo hapo, kunakuwa na sekunde moja au mbili hivi pande zote ni nyekundu. Zimewekwa ili yule aliyeingia mwishoni mwishoni amalize kutoka. Sasa madereva wazoefu wanazijua hizo sekunde na wanazila. Huyu anasema "nyekundu imewaka ila wa kule bado", anapita. Na wa kule naye anaangalia taa ya upande wa huyu, akiona imekuwa nyekundu tu anaondoka kabla ya kijani yake. Wote wawili wamekula zile zile sekunde, kila mmoja anadhani yuko peke yake aliyezijua, na wanakutana katikati. Huwa nikipita nikaona vioo vimemwagika katikati ya makutano najua ni hadithi hii hii.

Kijani nayo tusiichukulie juu juu. Kijani haijakwambia nenda, imekwambia zamu ni yako kama njia iko wazi. Ikiwaka we angalia kushoto na kulia kwanza, kuna aliyechelewa kutoka, kuna bibi bado yuko hatua nne kufika ukingoni, ambaye alianza kuvuka akiwa na ruhusa yake kabisa. Msubiri amalize. Honi ya nyuma yako isikutie wazimu, yeye haoni unachokiona wewe. Na ukiona upande wa pili magari yameziba, usiingie hata kama kijani inakuita, maana utakwama katikati, taa itageuka, na wale wa kukatisha watapewa kijani wakukute wewe umelala kama gogo. Ile mistari ya njano iliyochorwa kama wavu kwenye baadhi ya makutano inasema hivyo hivyo, usiingie kama hujaona pa kutokea.

Kijani ya duara na kijani ya mshale nayo watu wanachanganya sana. Ya duara ukitaka kukata kona inayokatisha wanaokuja mbele yako, nao wana kijani, inabidi uwapishe, na uwapishe pia wanaovuka kwa miguu kwenye ile barabara unayoingia. Mshale wa kijani peke yake unakwambia wale mliokuwa mnagongana nao wamesimamishwa, kata. Njano inayowaka na kuzima haikusimamishi, inakuachia mwenyewe, pita kwa tahadhari ukifuata vibao na sheria za kupishana. Nyekundu zinazowaka na kuzima kwenye kivuko cha reli ni kusimama kabisa, hata kama kizuizi hakijashuka, hata kama huoni kitu. Treni haikukwepi, na treni ndefu ya mizigo ikifunga breki inaweza kwenda kilometa nzima na zaidi ndo isimame. Na nchi ambazo nyekundu na njano zinawaka pamoja kabla ya kijani, maana yake weka gia ujiandae. Kuondoka bado.

Kuna kijana aliniuliza kabla hatujaanza, kwamba sasa asiyeona rangi vizuri anaendeshaje. Swali zuri sana. Wapo watu nyekundu na kijani wanaziona kama zinafanana, wanaume zaidi kuliko wanawake. Ndo maana taa zikisimama wima nyekundu iko juu siku zote, njano katikati, kijani chini, mtu anasoma mahali badala ya rangi. Na kijani nyingi za barabarani ukiziangalia vizuri zina ubluu kwa mbali, ni kwa ajili yao.

Jambo dogo lingine kabla sijaacha taa, ule mstari mweupe mnene wa kusimamia. Tunaupita. Tunasogea sogea mpaka pua ya gari iko kwenye zebra. Sasa mjue taa nyingi zina waya umezikwa chini ya lami, umezungushwa, unahisi chuma cha gari kikiwa juu yake, na ndo unaoiambia taa kwamba huku kuna mtu anasubiri. Waya huo mara nyingi uko nyuma kidogo ya mstari. We ukisimama mbele ya mstari taa inaweza isijue kabisa kwamba upo, unakaa pale unalaani, unasema imeharibika, kumbe umeshuka kwenye kizingiti cha mlango unabisha hodi hewani.

Vibao sitakaa navyo sana, vina vitabu vyake na mnavyo. Ila shikeni umbo kabla ya picha. Nchi nyingi zinafuata mkataba wa Vienna wa tarehe 8 Novemba 1968 au zimeuchukulia mfano: pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru. Marekani wao maonyo wanayaweka kwenye umbo la almasi la njano. Lakini vibao viwili vimepewa umbo lao peke yao, cha simama kina pembe nane, na cha pisha ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Kwa nini? Kwa sababu hata kikipakwa matope, hata ukikiona kwa mgongo, unajua ni nini. Hilo la mgongo ndo muhimu, maana mimi niliye kwenye barabara kubwa nikiona mgongo wa pembe nane kule pembeni najua yule anayetokea ameambiwa asimame. Na simama ni tairi kutozunguka kabisa. Ile ya kupunguza ukaingiza gia ya pili ukateleza siyo kusimama.

Mistari ya katikati nayo ni maneno. Iliyokatika katika unaweza kuovateki kama unaona mbele ni salama, iliyonyooka usiivuke, na ikiwa miwili pamoja mmoja umekatika mmoja umenyooka, sikiliza ule ulio upande wako. Aliyeuchora ule mstari ulionyooka alishapima umbali gani unaonekana kutoka pale. Kwenye kilima na kona wewe huoni mbele, usijipe matumaini kwamba hakuna anayekuja.

Sasa zebra. Hapa naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza ndugu.

Ilikuwa jioni, mvua imetoka kuacha muda si mrefu, barabara ya leni mbili kila upande. Niko leni ya ndani. Leni ya nje mbele yangu kuna lori limesimama. Mi nikaona lori, nikasema limeharibika au linashusha mtu, sikupunguza hata kidogo, nikaendelea kulipita. Zebra niliiona kwa chini, imelowa inang'aa, nimeshafika. Na mbele ya bampa la lile lori akatokea mtoto wa shule. Nikakanyaga breki mguu wote, gari ikateleza, nasikia tairi zinakwaruza maji, ikasimama matairi ya mbele yakiwa juu ya michirizi myeupe. Mtoto aliweka mkono kwenye boneti. Yaani mkono wake mdogo uko kwenye boneti ya gari yangu, mkoba mgongoni umelowa, kiatu kimoja kimemvuka kiko nyuma yake, ananiangalia. Hakulia. Dereva wa lori hakunitukana, alizima tu injini, akashuka, akaokota kile kiatu akamvalisha, akamshika mkono akamvusha. Hakuniangalia hata mara moja. Ningependa angenitukana.

Lori lilikuwa linanieleza. Limesimama kwenye zebra, linaniambia kuna mtu anavuka, na mimi nimelitafsiri ninavyotaka mwenyewe. Toka siku ile kwangu gari iliyosimama kabla ya zebra ni ukuta, siipiti, nasimama sambamba nayo kwanza nione kilichoko mbele yake. Na ndiyo sheria ilivyo, sikuibuni mimi, huovateki gari iliyosimama au inayopunguza kwenye kivuko cha miguu. Ila nilikuwa naijua kichwani tu, kama wengi wenu.

Nilikuwa naenda na 50 na kitu. Ningekuwa na 65? Shirika la Afya Duniani wameeleza kwamba kwa mtu wa miguu anayegongwa na uso wa gari, hatari ya kufa inapanda mara nne na nusu ukitoka spidi 50 kwenda 65. Hapo umeongeza 15 tu, ambazo ukiwa kwenye usukani wala huzihisi. Na breki nazo haziendi sambamba na spidi, ukizidisha spidi mara mbili umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne. Lami kavu na tairi nzima, ukikanyaga yote, 50 inasimama kwa mita 14 hivi baada ya mguu kufika, 100 inataka 56. Ongeza zile za kichwa kuamua. Ongeza maji barabarani. Hao hao Shirika la Afya wanahesabu watu kama milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kila mwaka, zaidi ya nusu yao ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kinachowaua zaidi ya hiki, hata ugonjwa gani. Yule mtoto wa mkoba uliolowa alikuwa kwenye umri huo.

Nirudi kwenye kuongea. Gari haina mdomo, ina indiketa, taa za breki, honi, na mahali ilipokaa kwenye leni. Indiketa iwashe kabla hujagusa breki, ili wa nyuma ajue kwa nini unapunguza. Wengi tunaiwasha tukiwa tushaanza kukata, hapo unamwambia mtu habari anayoiona mwenyewe. Na ukishawasha bado angalia kioo, alafu geuza shingo, kuna mahali vioo havifiki na pikipiki inaenea hapo yote.

Alafu hazadi, zile indiketa za pande zote mbili zinazowaka pamoja. Jamani hazadi. Nimeona sana mtu anafika kwenye makutano anawasha hazadi akimaanisha "naenda moja kwa moja". Naelewa nia yake ni njema. Ila simama pale pembeni uiangalie hiyo gari kwa upande mmoja, utaona indiketa moja tu inawaka, ile ya upande wako. Wewe wa kushoto unaona anakata kushoto kwa hiyo unaingia, na wa kulia naye anaona anakata kulia anaingia, na mwenyewe anakuja katikati moja kwa moja. Amewadanganya watu wawili kwa kitufe kimoja. Ukienda moja kwa moja usiwashe kitu. Kutowasha kitu nako ni kusema.

Kwenye kipilefti, anayezunguka ndani ana haki, wewe unayeingia unasubiri. Zamani Uingereza walihangaika sana na hili, anayeingia anajisukumiza, walio ndani hawatoki, inajifunga yote kama fundo, mpaka 1966 walipoiweka kuwa sheria kwamba anayeingia ndo anapisha, na vipilefti vikaanza kutembea. Ukikaribia kutoka washa indiketa ya kutokea, maana kuna mtu pale anasubiri ajue kama unatoka au unaendelea, usipowasha unamsimamisha bure.

Simu siongei sana kwa sababu wote mnajua. Sekunde mbili za kusoma meseji kwa spidi 50 ni mita 28 umeendesha umefumba macho. Mkanda nao mnajua. Fungeni, na wa nyuma wafunge.

Kuna mama mmoja huku mbele aliuliza mwishoni, na nikasema swali lake nalijibu kwa utaratibu. Aliuliza, umeme umekatika, taa zote zimezima, hamna trafiki, njia panda ya pande nne, anapita nani?

Akiwepo trafiki, mkono wake unashinda taa na kibao, hata taa iwe nyekundu akikuita nenda. Asipokuwepo, taa iliyozima usiichukulie kama kijani, ichukulie kama kila upande una kibao cha simama. Unasimama kabisa, aliyefika kwanza anapita kwanza, mkifika pamoja nchi nyingi unampisha aliye kulia kwako. Yule mama akatulia kidogo akasema, "Na wote wanne tukifika pamoja je? Kila mmoja ana mtu kulia kwake."

Ni kweli mama. Hapo sheria ya kulia inazunguka inarudi ilipoanzia, kila mtu anampisha mwenzake na hakuna anayeondoka. Nshakutana nayo mara mbili. Mara ya mwisho tulikaa pale sote wanne kama sekunde kumi, injini zinanguruma, alafu mzee mmoja kwenye gari ya bluu akashusha kioo, akatoa mkono nje, akamwonyesha wa upande wake wa kushoto apite. Yule akapita. Na wa kushoto kwa aliyepita akawa hana tena mtu wa kumsubiri, akapita, nikafuata mimi, mzee akapita wa mwisho.